Wireless Haishiki Ghorofani kwa Mzee Esmailji

Kila asubuhi nilikuwa naanza kazi kwa kupangusa kengele.

Duka la Mzee Esmailji pale Ngamiani lilikuwa la vipuri vya baiskeli. Matairi yananing'inia darini, mipira imejaa kwenye maboksi, na kengele zimetungwa kwenye waya juu ya kaunta. Mimi na kitambaa changu, moja baada ya nyingine, huku nimeibana kila kengele kwa kiganja isije ikalia. Mzee alikuwa anakunywa chai yake saa hizo na hakupenda kelele.

Basi siku hiyo nipo katikati ya kengele, nasikia mtu anashuka ngazi. Hatua nzito, za mtu anayeshikilia ukuta.

Bi Khatija!

Nyie, Bi Khatija, mke wa Mzee, hakuwa mtu wa kushuka ngazi kutoka ghorofani kwao. Magoti yake yalishagoma zamani. Akitaka nyanya alikuwa anateremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani. Lakini asubuhi ile huyo hapo, jasho linamtiririka, amekumbatia kitu kilichofunikwa khanga.

"Mpokee," akaniambia. "Taratibu. Usimbane."

Nikanyoosha mikono yote miwili kama napokea kichanga. Nikafunua khanga.

Ilikuwa kompyuta ya kupakata.

Imevaa koti.

Satini ya waridi, imeshonwa kwa kipimo, lastiki pembeni na marinda kuzunguka chini. Sikushangaa sana. Katika nyumba ile hakuna kitu cha umeme kilichokaa uchi. Friji lilikuwa na nguo yake, redio ina yake, hata rimoti ilikuwa ndani ya nailoni.

"Saleha mwanangu, wewe umesomea mambo haya," Bi Khatija akasema huku anatafuta stuli. "Aly katuletea kwa mgeni kutoka Kanada. Haishiki ile ya hewani."

"Wireless," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe sikuisikia vizuri.

Ndivyo nilivyo. Nina stashahada ya kompyuta, niliipata kwa jasho, lakini ukiniita mbele za watu ulimi unanata. Niliporudi Tanga kiwanda alichofanyia kazi baba kilikuwa kimeuzwa, na maofisi yalikuwa yanapunguza watu, hayaajiri. Nikashukuru kupata kaunta ya spoku.

"Aly anaoa Ijumaa," Bi Khatija akaendelea, na hapo akapunguza sauti. "Huko huko. Anataka radhi ya baba yake kabla ya nikaha. Siyo kwa simu. Anasema kwenye simu baba anamuuliza hali ya hewa kisha anakata. Anataka amwone usoni, aisikie kwa mdomo wake. Alhamisi alasiri atapiga simu ya picha. Bila radhi, anasema, ataoa lakini ataoa kama yatima."

Nikamtazama Mzee Esmailji kwa pembe ya jicho. Alikuwa amegeukia ukuta, kikombe mkononi.

Kisa chao nilikijua. Mtaa mzima ulikijua. Aly ndiye mtoto wao pekee. Alikwenda kusoma Kanada, akaamua kukaa huko huko, na siku alipokuja kuaga kwa mara ya mwisho Mzee alimwambia duka halina mrithi mwingine, akipanda ndege ile wasijuane. Tangu hapo ni hali ya hewa tu.

"Hapa tunauza spoku," Mzee akauambia ukuta.

"Nani kakuuliza?" Bi Khatija akamjibu.

Mzee akapiga funda la chai, kisha, bado hajageuka:

"Na isiharibiwe."

*

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Ndani ya kompyuta kuna kadi inayonasa mtandao hewani. Kadi hiyo haina maana bila draiva, yaani kiprogramu kinachoifundisha kompyuta kuongea nayo. Waliotengeneza kadi ile waliandika draiva ya Windows peke yake. Na Aly alikuwa mtu wa Linux, mfumo mwingine kabisa. Kwa hiyo kadi na kompyuta walikuwa wanaishi nyumba moja na hawasemezani.

Draiva unaipata wapi? Kwenye mtandao.

Mtandao unaupata vipi? Kwa draiva.

Nikavuka barabara kwenda kwa Imtiaz. Imtiaz alikuwa mtoto wa mdogo wake Bi Khatija, ana internet kafe na antena juu ya paa, na majirani wachache walikuwa wanavuta mtandao wake majumbani. Ndiyo hiyo wireless tuliyokuwa tunaitafuta.

"Linux?" akacheka mpaka akashika meza. "Ile ya bure? Mama mkubwa kapewa kitu cha bure, anataka na kiongee?"

"Kuna programu inaazima draiva ya Windows," nikamwambia kiatu changu. "Inaidanganya ile kadi, inajiona iko kwao."

"Dada Saleha, hata kadi mnaidanganya? Na hijabu yote hiyo?"

Lakini akanipa kompyuta ya kona, nikapakua nilivyotaka kwenye flashi, naye akaniandikia nywila ya mtandao wake kiganjani. Mcheshi, lakini roho yake nzuri.

Nikaomba ruhusa niende na kompyuta nyumbani Makorora nikaifanyie kazi kwa utulivu. Bi Khatija akakubali, ila kwa sharti moja. Isionekane.

"Watu wana kijicho," akasema. Akaivalisha koti, akaizungushia khanga, akanifunga nayo kifuani kwa mbeleko. "Na jua lisimpige."

Nikatoka hivyo.

Nyie, nilikuwa sijafika hata kona ya kwetu, Bi Hafsa jirani huyu hapa, ndoo ya maji kichwani.

"Saleha! Alhamdulillahi! Lini tena?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Ulimi ukanata.

"Leo," nikasema. Maana kweli niliipokea leo.

"Leo! Na unatembea! Mabinti wa siku hizi chuma! Mbona kimya hivyo, halii?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili zake angefunua khanga. Mimi nikaikumbatia vizuri, nikasema:

"Imezimwa."

"Masikini, imemzima!" akaniwekea mkono begani. "Homa hiyo. Mpeleke ndani, upepo huu."

Nikapita mbio.

Nilikaa jamvini na kompyuta yangu. Ukitaka Linux ikufanyie jambo zito unafungua dirisha jeusi, unaandika amri, nayo kabla ya kutii inakuuliza nywila yako. Nikaandika amri moja, ikakataa. Nikaandika nyingine, ikanipa aya nzima ya malalamiko. Nikasoma malalamiko yake neno kwa neno, nikagundua nilikuwa nimeipa draiva isiyo ya ukubwa wake. Nikaipa nyingine. Ikanyamaza.

Kwenye Linux, kunyamaza ndiyo kukubali.

Asubuhi mama alinikuta najiandaa kwenda kazini. Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji wa pilipili manga, uji anaopewa mwanamke aliyejifungua.

"Umeletwa na Bi Hafsa," akasema polepole. "Saleha, kuna jambo hujaniambia?"

*

Dukani nikaiwasha. Ikatafuta. Jina la mtandao wa Imtiaz likatokea, nikaweka nywila, tukaingia.

Bi Khatija, aliyekuwa ameinamia dirishani juu kama mwadhini, akapiga kigelegele hadi waendesha baiskeli wakasimama. Uweso, fundi wetu wa baiskeli pale barazani, akaacha gurudumu likizunguka peke yake. Mzee akasema, "Hm," akaagiza chai nyingine.

Tukaipandisha ghorofani, ikawekwa sebuleni juu ya meza, na koti lake.

Baada ya chakula cha mchana, sauti kutoka juu:

"Saleha! Imekufa!"

Nikapanda. Kweli, hakuna mtandao hata mmoja. Draiva ipo, kadi ipo, hewani kimya. Nikaizima, nikaiwasha. Nikafungua dirisha jeusi. Hakuna.

"Ilikuwa nzima chini, imekufa juu," Uweso akatoa hukumu. "Dada Saleha, hiyo inaogopa ghorofa."

"Kompyuta haiogopi ghorofa, Uweso."

"Basi kuna mtu wa ndani hapendi," akasema, anamaanisha jini.

Bi Khatija akaleta chetezo. Ikafukizwa udi mpaka skrini ikawa haionekani na mimi nakohoa. Haikushika. Mgao ukaingia, maana ulikuwa mwaka ule mabwawa yamekauka na umeme tunapewa kwa zamu, tukaiacha.

Kesho yake Uweso akaja na ufumbuzi wa kiufundi.

Unajua watu wanavyotumia ringi ya baiskeli kuwa antena ya televisheni? Uweso alichukua ringi mpya kabisa, akaifunga kwenye mti wa ufagio, akautoa nje ya dirisha. Kutoka kwenye ringi akavuta waya hadi kwenye kompyuta, akawa anatafuta pa kuuchomeka.

"Elekeza kwa Imtiaz!" Bi Khatija akaamuru.

Ng'ambo ya pili Imtiaz akatoka nje, akatazama juu.

"Mama mkubwa, mnanipima nini?"

"Tulia hapo hapo, usitikisike!"

Akatulia. Masikini, alisimama na mikono kichwani kama amekamatwa, mpaka wateja wake wakatoka kumtazama.

Ndipo Uweso alipoiinua kompyuta na kuigeuza miguu juu atafute tundu la waya. Marinda ya koti yakaanguka upande. Na pale ubavuni nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Swichi ndogo sana, ya kusukuma kwa ukucha.

Swichi ya wireless. Imesukumwa kwenye kuzima.

Nikaisukuma. Mitandao ikatokea.

Sasa tatizo langu likawa kubwa kuliko draiva. Lile koti lilikuwa na lastiki, na lastiki ilipita pale pale juu ya swichi. Nikawaza, kila anapoivalisha, anaizima. Lakini utamwambiaje mtu mzima aliyekesha anashona kwamba koti lake ndilo mchawi?

"Bi Khatija," nikaanza. "Koti ni zuri."

"Ahsante mwanangu."

"Zuri sana."

"Nikushonee na wewe la redio?"

"Hapana. Ila… labda kompyuta inasikia joto."

Akanitazama. Akalitazama koti. Akaitazama ile swichi. Hakuwa mjinga.

"Sema tu linabana," akasema, na midomo ikamcheza kidogo.

Niliona vibaya, wallahi. Lakini jioni ile ile alikuwa ametoboa kitundu pale penye swichi, kama cha kifungo, na amekidarizi ua kuzunguka. Lastiki haigusi kitu tena. Tukajaribu kuivalisha na kuivua. Ikashika kila mara.

*

Alhamisi mchana duka lilifungwa kama kawaida, watu wakale na wasali. Mimi sikwenda nyumbani. Nilitaka niihakikishe kabla ya alasiri. Nikapanda ngazi taratibu, viatu mkononi, nisije nikawasumbua.

Jikoni Bi Khatija alikuwa anakaanga sambusa, mafuta yanalia.

Sebuleni alikuwepo Mzee Esmailji.

Amekaa mbele ya kompyuta, miwani imeshuka hadi puani. Kidole gumba kimeingia kwenye kile kitundu kilichodariziwa ua.

Tik.

Akageuka, akaniona.

"Shikamoo," nikasema, ingawa nilishamwamkia asubuhi.

"Marahaba." Akasafisha koo. "Nazima. Vitu vya umeme vinazimwa. Mgao ukiisha, umeme ukirudi kwa nguvu, unaunguza."

Juu ya kichwa chake feni ilikuwa inazunguka.

Tukaitazama feni. Wote wawili.

Siku zote zile tumeifukiza udi kompyuta isiyo na hatia, tumemsimamisha Imtiaz barabarani, nimelisingizia koti. Na mwenye mkono alikuwa anakunywa chai chini, kila adhuhuri anapanda kula, anapita sebuleni, tik, anakwenda zake.

Sikukasirika. Kidole chake kilikuwa bado kwenye lile ua.

"Baba yako yupo?" akaniuliza ghafla.

"Yupo."

"Anakusemesha?"

"Kila siku ananiuliza kama nimekula."

"Basi? Hicho tu?"

"Hicho tu. Lakini ananiuliza akiwa ananitazama."

Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati, na haikuwa na vumbi.

"Mimi kwenye kaunta ninaongea na yeyote," akasema. "Mtu akija nitamweleza tairi mpaka achoke. Lakini yule akinitazama… Kwenye simu naweza kukata. Hii ina uso. Utaukata vipi uso?"

Nikachuchumaa pale mezani, nikaisukuma swichi irudi. Polepole, ili kama anataka kunizuia anizuie.

Hakunizuia.

"Bi Khatija asijue," akasema.

"Sijaona kitu, Mzee."

*

Alasiri simu ikalia. Aly akatokea kwenye skrini, ana ndevu, amenenepa, amevaa sweta. Bi Khatija akaibusu skrini. Akaanza kulia, akamuuliza anakula nini, akalia tena, kisha akamvuta Mzee kwa mkono wa shati akamkalisha mbele.

"Assalaam aleikum, baba."

"Waaleikum salaam." Akaipandisha miwani. "Huko baiskeli zipo?"

"Zipo, baba."

"Matairi membamba au mapana?"

"Yote, baba. Baba, kesho…"

"Na barafu hiyo, breki zinashika?"

Bi Khatija akamfinya paja. Mimi nilikuwa pembeni ukutani, natamani niwe ukuta. Aly akamtazama baba yake tu. Mzee akatazama meza. Akatazama dirisha. Nilidhani atainuka.

Hakuinuka. Akainua macho, akamtazama mwanawe barabara. Naye Aly akabaki anamtazama, mdomo wazi kidogo, bila kupepesa.

Na Mzee akaanza kusema.

Alisema chini chini, midomo tu inacheza, nikasikia jina la Aly na basi. Machozi yakamteremka puani, hakuyafuta. Bi Khatija akajifunika uso kwa mtandio. Alisema mpaka akamaliza, akavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Aly bado anamtazama. Mdomo wazi vile vile.

Nikatazama juu.

Feni imesimama.

Umeme ulikuwa umekatika. Kompyuta inakwenda kwa betri yake, lakini mtandao wa Imtiaz umezimika. Kile tulichokuwa tunakitazama kilikuwa picha tu, imeganda. Mzee alikuwa ameutoa moyo wake wote kwa picha.

Na nyumba nzima ni mimi tu niliyejua.

Nikawaza ninyamaze. Jamani, niliwaza. Angelala usingizi mzuri, na Aly angeoa bila kusikia. Ulimi ukaanza kunata kama kawaida yake. Nikauma mdomo, nikasema kwa sauti:

"Mzee, hajasikia."

Akanigeukia.

"Umeme umekatika. Hajasikia hata neno moja. Samahani, Mzee. Itabidi useme tena."

Nilitegemea atanifukuza. Badala yake Mzee Esmailji, mtu asiyependa kelele, akakimbilia dirishani, akatoa nusu ya mwili nje.

"IMTIAZ! Washa jenereta!"

"Mafuta kidogo, Mzee! Nayatunza ya usiku!"

"Washa, nakwambia! Mtoto wangu yumo humo!"

Imtiaz akaliburuta jenereta nje ili moshi usijae kafeni, waya ukilifuata, mpaka chini ya dirisha letu. Akavuta kamba. Likakohoa. Uweso akamsukuma pembeni, akavuta yeye. Likalipuka kwa kelele ya kutikisa vioo, moshi ukapanda hadi sebuleni. Nikabonyeza, nikapiga upya, nikaomba Mungu.

Aly akatokea, amesogelea kamera.

"Baba? Mlipotea! Ulikuwa unasema nini?"

Mzee akasema. Jenereta likammeza.

"Sikusikii, baba! Kelele!"

Tangu siku ile nimetengeneza kompyuta nyingi Tanga hii. Mtu akiniambia haishiki, sikimbilii dirisha jeusi. Kwanza naangalia ni nani hapo ndani anayeogopa ishike, nakaa naye kidogo. Mambo mengi tunayoyaita mabovu si mabovu, kuna mtu amekosa pa kuanzia tu.

Mzee akasimama. Akaishika kompyuta mbavuni kwa mikono miwili, marinda ya waridi yakimning'inia vidoleni, akaileta usoni pake. Barabarani baiskeli zikasimama moja baada ya nyingine. Imtiaz akawa ameinua uso, Uweso ameshika kamba. Na Mzee Esmailji akapaza sauti kulishinda jenereta, Ngamiani nzima ikasikia:

"NIMEKUWIA RADHI, ALY! Oa, mwanangu, oa! Na hasira ile haikuwa ya duka! Nilikuwa naogopa kukukosa wewe!"